Alibatizwa Goa, Akarudi Mombasa na Kisu: Stori ya Mfalme Yusuf Aliyeitwa Jerónimo

Kama ulisomea Kenya, kuna uwezekano shule ishawahi kukupeleka Fort Jesus. Basi la usiku, mandazi yamebanwa kwa karatasi, mwalimu anahesabu vichwa kila dakika tano, halafu jamaa wa makumbusho anawaonyesha mizinga na kuwaambia ngome ilianza kujengwa 1593. Mnapiga picha, mnanunua mabuyu nje ya geti, mnarudi. Kwa mtihani unaandika Wareno walikuja, Wareno wakaenda, unapata alama zako mbili.

Leo wacha nikupe ile sehemu mwalimu aliipita mbio.

Ndani ya hiyo ngome, Agosti 1631, kijana wa miaka kama 24 alimuua kapteni wa Kireno. Na hakuwa adui aliyeruka ukuta. Alikuwa mfalme wa Mombasa mwenyewe. Mkristo aliyebatizwa, amelelewa na mapadri, ameoa Mkristo, Kireno anakiongea kama wenyewe. Kwa makaratasi aliitwa Dom Jerónimo Chingulia. Kwa mzee wake alikuwa Yusuf bin Hasan.

Kumwelewa huyu msee lazima uanze na familia, na familia yake haikuwa ya Mombasa. Ilikuwa ya Malindi. Unajua vile mitaa miwili inaweza kuwa na beef mpaka mmoja unaita watu wa nje kuja kuusaidia? Ndiyo hivyo. Vasco da Gama alipotokea 1498, Mombasa ilimkazia, Malindi ikamkaribisha. Kutoka hapo Malindi ikawa beste ya Wareno na Mombasa ikawa inachapwa. 1505 ilichomwa. 1528 ikachomwa tena. Kisha 1589 Wareno wakaimaliza kabisa, na baadaye wakamtoa sultani wa Malindi kwao na kumkalisha kiti cha Mombasa, kama shukrani ya urafiki wa miaka karibu mia. Ngome ikajengwa pale mdomo wa bandari, ikichorwa na Mwitaliano anaitwa Giovanni Battista Cairati, na mfalme mpya akaambiwa yeye ndiye bosi wa kisiwa.

Bosi nusu. Kwa ngome kulikuwa na bosi mwingine, kapteni, na huyo ndiye aliyekuwa na mizinga.

Babake Yusuf, Sultan Hasan, aliingia kwa hicho kiti akidhani urafiki ni urafiki. Makapteni wakaanza kumkalia. Ngori za ushuru, ngori za biashara, ngori za Pemba ni ya nani. Mambo yakachacha mpaka 1614 akahepa kisiwa, akavuka kwenda bara kutafuta pa kujificha kwa watu wa huko. Wareno wakatuma mali kwa waliomficha, na waliomficha wakamuua. Kichwa chake kikakatwa, kikatiwa kwa chombo, kikapelekwa Goa kule India, makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia, wenye serikali wajionee kwa macho kwamba kazi imeisha.

Yusuf alikuwa na miaka kama 7. Naye akapelekwa Goa.

Simama hapo kidogo. Kichwa cha babako kimevuka bahari, na wewe unavuka bahari hiyo hiyo, kwa wale wale waliotoa oda. Kufika unapokewa vizuri. Unapewa chakula, nguo, kitanda, masomo. Watawa wa Mtakatifu Augustino wanakuchukua kwa nyumba yao. Wanakufundisha kusoma, kuandika, kuomba. Unabatizwa. Unapewa jina la mtakatifu. Na kila mtu karibu na wewe anafurahi kweli, kwa sababu kwa akili yao wamekutoa gizani.

Sote tunajua vile mtu akiokoka siku hizi. Jana alikuwa anachezesha muziki kwa klabu za Mtwapa, leo anasimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda. Anafuta namba za mbogi ya zamani, anabadilisha picha ya WhatsApp, chupa zinamwagwa kwa sinki. Wengine tunawacheka tukingoja warudi base. Lakini ukweli ni kwamba kuna watu wanatoka kabisa, hawaangalii nyuma, na maisha yao yanabadilika mbele ya macho yetu. Kitu kimoja tu: wao walitembea wenyewe mpaka madhabahuni. Mtoto wa miaka 7 hatembei. Anabebwa.

Na usidhani alikuwa analia kila usiku. Kila dalili ni kwamba Jerónimo alikua fiti. Alitumikia kwa meli za Wareno na kujua kazi ya mizinga, ujuzi ambao baadaye uliwatokea puani. Akaoa huko huko Goa, mke Mkristo. Hata alipata kuandika kwa Papa kule Roma kuonyesha utii wake. Ukiangalia kwa makaratasi, huyu ndiye aliyekuwa mfano wa kuonyeshwa wageni: mfalme Mwafrika, Mkatoliki, mwaminifu kwa taji la Ureno. Ni kama msee aliyetolewa mtaani na mfadhili, na kila mwaka picha yake inatumwa ng'ambo.

1626 wakamtangaza mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Akarudishwa.

Hebu chora hiyo picha. Umetoka ukiwa mtoto, unarudi mwanaume. Chombo kinaingia na upepo wa kaskazi, mkono mmoja unaona Nyali, mwingine ngome, ile rangi ya matumbawe inayowaka jioni. Unashuka umevaa kama Mreno. Watu wa mji wamekuja kukucheki. Wengine ni ndugu zako kabisa, damu moja, walimjua babako. Wanakusalimia, na wewe Kiswahili chako kimekaa ulimini bila kutumika miaka zaidi ya kumi. Adhana inapigwa, wanaenda. Wewe unaenda misa.

Ile njia tunaita Ndia Kuu leo, ukitoka ngome ukaingia Old Town kwa zile nyumba za balkoni za mbao, ndipo Wareno walipokuwa wamejipanga, na watawa wa Augustino walikuwa na nyumba yao papo hapo mjini. Na Msikiti wa Mandhry, ule wenye mnara kama koni, unahesabiwa kuwa ulijengwa 1570, kwa hivyo ulikuwa ushasimama. Kisiwa ni kidogo. Kutoka kanisani hadi msikitini ni dakika chache kwa mguu. Huwezi kuchagua upande mmoja na kujifanya huoni mwingine.

Na hapo ndipo mambo yalianza kumshinda. Watu wa Mombasa hawakumwamini: mfalme Mkristo wa watu Waislamu, aliyewekwa na wale waliomchinja babake? Zii. Upande wa pili, ungedhani Wareno wangemshika mkono, ni mtu wao, wamemlea wenyewe. Wapi. Kapteni mpya, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau waziwazi. Yale yale ya babake yakarudi, kana kwamba maji ya ubatizo hayakuwahi kumgusa. Goa alikuwa Dom Jerónimo, anaheshimiwa. Mombasa, kwa kapteni, alikuwa mwenyeji tu aliyefundishwa adabu ya mezani.

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililouma kuliko yote. Kuacha maisha ya zamani kuna bei, na anayelipa anatarajia angalau apewe hayo mapya. Yeye alilipa kila kitu: jina, lugha, dini, hata haki ya kumlilia mzee wake. Halafu walipofika wakati wa kumpa, wakamwangalia rangi.

Akaanza kwenda makaburini usiku.

Hii ndiyo sehemu ya hii stori inayonishika kila mara. Mfalme anatoka kwake giza limeingia, anaenda kwa kaburi la babake, anamwombea. Na hakumwombea kwa Kilatini. Alimwombea kwa njia ya Kiislamu, kama mtoto wa Hasan. Yale maneno aliyafundishwa kabla hajafika miaka 7, na masomo yote ya Goa hayakuyafuta.

Mtu akamwona. Unajua mji mdogo. Huyo mtu akaenda moja kwa moja kwa kapteni na kumwaga mtama.

Kwa leo ungesema ni mambo yake na Mungu wake. Kwa wakati ule ilikuwa kesi ya kifo. Goa ilikuwa na Baraza la Uchunguzi wa Imani tangu 1560, na kazi yake hasa ilikuwa kuwashika waliobatizwa wakashukiwa kurudia dini ya zamani. Waliopatikana na hatia wangeweza kuchomwa moto. Kapteni akapanga kumshika mfalme na kumsafirisha huko akahukumiwe. Mara ya pili, Goa. Safari hii si kama mtoto wa kulelewa.

Yusuf akapata rada kabla ya kushikwa.

Ilikuwa katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Wakristo wa mji walikuwa kwa mood ya sherehe. Mfalme akaenda ngomeni kama mgeni, na nani angemfungia geti mfalme? Ndani, yeye na watu wake wakamuua kapteni. Wanajeshi wakauawa. Familia ya kapteni ikauawa. Mjini nyumba za Wareno zikachomwa, na waliobaki hai wakakimbilia nyumba ya watawa wa Augustino na kujifungia humo.

Yusuf akatangaza kwamba yeye si Mkristo tena. Jerónimo kwisha. Sasa ni Sultan Muhammad Yusuf bin Hasan.

Ningependa kukuambia kwamba hapo stori inageuka ya shujaa, mtu wetu amewatoa wakoloni, tupige makofi. Kuna watu wanaisimulia hivyo, na nawaelewa. Lakini huwezi kuipita haraka ile siku ya watawa. Walijifungia kwa siku kadhaa, wakatolewa, wakawekewa chaguo: kubali Uislamu au kufa. Wakakataa. Wanaume, wanawake, watoto. Hesabu inayotajwa ni Wareno 150 hivi, 45 wanaume, 35 wanawake, 70 watoto. Sabini. Hao watoto hawakumuua Sultan Hasan. Walikuwa watoto, kama Yusuf alivyokuwa mtoto alipopandishwa chombo kwenda Goa.

Na hawakuwa Wareno peke yao. Kulikuwa na Waafrika Wakristo, watu wa pwani hii hii, waliobatizwa kama yeye. Wareno wangesema moyo wao haujulikani, wenyeji wangesema wamenunuliwa. Siku ile wakaulizwa, na wengi wakasema hapana, hatuachi. Wengine wakauawa, wengine wakauzwa utumwani Uarabuni.

Mmoja wao anaitwa Dom António wa Malindi. Binamu ya mfalme. Fikiria hiyo. Ukoo mmoja, pwani moja, ubatizo mmoja, jina la Kireno kila mmoja. Angetamka tu shahada, ndugu yake ndiye mfalme, angekula vizuri maisha yake yote. Hakuna Mreno aliyebaki wa kumlazimisha wala wa kumpa doo. Akakataa, akauawa.

Sasa hapo unifafanulie wewe. Yusuf alibebwa mpaka kwa Ukristo na ukamtoka. António, Mwafrika wa familia ile ile, alishikilia hadi kisu. Ukisema dini ya Wareno ilikuwa nguo ya kuazima tu, António anakukatalia. Ukisema ubatizo unamfuta mtu wa zamani, Yusuf yuko kaburini usiku, anaomba.

Ngome ikawa yake. Goa ikashtuka. Upepo wa kaskazi ulipotulia vizuri wakatuma meli, na Januari 1632 zikatokea mbele ya Mombasa. Huku ndani kuna msee aliyefundishwa mizinga na wao wenyewe. Alijua wanavyofikiri, wanavyopanga mashambulizi, wanavyochoka. Wakapiga, wakapiga, wakashindwa. Ilipofika Machi wakaondoka na aibu yao.

Ungedhani sasa anakaa kitini atawale. Lakini alijua watarudi, upepo hurudi kila mwaka. Na wale watu wa Mombasa aliowapigania, hawakusimama nyuma yake kama alivyotaka. Labda kwao bado alikuwa yule kijana wa Wareno, amebadilisha kofia tu. Mei 1632 akavunja alichoweza kuvunja kwa ngome, akabeba mizinga aliyoweza kubeba, akapanda meli aliyowanyang'anya Wareno wenyewe na kuondoka. Mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba akahepa kama babake alivyohepa. Tofauti ni kwamba babake alivuka maji ya hapa tu, yeye alienda kabisa.

Wareno walirudi mwezi wa Agosti na kupata mji hauna mwenyewe.

Miaka iliyobaki aliishi baharini. Jambazi wa majini, wangesema Wareno. Mpiganaji, wangesema wengine. Alizunguka kati ya Uarabuni, Komoro na Madagaska, akiwavizia Wareno kwa njia alizozisomea kwao. Hakuna mji uliomkalisha. 1638 aliuawa katika Bahari ya Shamu karibu na Jeddah, na waliomuua ni maharamia, si Wareno. Alikuwa na miaka kama 31. Ukihesabu, aliishi Mombasa utotoni hadi 7, kisha miaka michache ya ufalme. Maisha yake mengi yalipita kwingine.

Wareno wenyewe hawakukaa milele. 1696 Waomani waliizingira ngome, na 1698 wakaichukua. Ila kuna vitu viliachwa.

Cha kwanza kiko mdomoni mwako. Unaposema msee fulani ako gereza, hilo neno ni la Kireno, na kwa Kireno lilikuwa kanisa: igreja. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, watu wa Mombasa wakaisikia hiyo igreja kwa nje, na kwa midomo yao ikawa gereza. Baadaye Waingereza waliifanya ngome kuwa jela kweli, kutoka 1895 hadi 1958, na neno likakaa vizuri zaidi. Jerónimo aliingia hiyo igreja Jumapili nyingi, nje watu wake wakiipa jina lao.

Cha pili ni kesi. Mwaka uliofuata baada ya mauaji, 1632, kanisa kule Goa lilianza kukusanya ushahidi wa walionusurika, kuomba waliouawa watangazwe watakatifu. Wanaitwa Mashahidi wa Mombasa. Jina la António wa Malindi liko kwa hayo makaratasi. Zaidi ya miaka 390 imepita.

Cha tatu kiko pale pale ulipopiga picha ukiwa darasa la saba. Ukienda tena, kabla hujaingia geti la ngome, inua macho. Juu ya mlango kuna jiwe limeandikwa Kireno, likisifu kapteni aliyeitengeneza ngome upya na kuwaadhibu watu wa pwani. Wageni wengi hupita chini yake wakitafuta kivuli. Ngome ilihitaji kutengenezwa kwa sababu ya kijana mmoja.